Mbuzi Aliyegawiwa Mbegu za Ainabkoi

Siku kompyuta ilipoletwa kwenye Ushirika wa Mbegu wa Tambarare, mjini Eldoret, ilipokelewa kama bibi harusi mwenye mimba: watu walipiga vigelegele kwa nguvu zote ili asije akatokea mtu wa kuuliza swali. Lori liliitoa Nairobi ikiwa imefungwa mablanketi. Kwaya ya shule ya msingi iliimba mpaka sare zikaloa jasho. Kiongozi mmoja mkubwa wa chama, na miaka hiyo chama kilikuwa kimoja kwa hiyo hakuna haja ya kukitaja jina, alikata utepe, akaigusa mashine kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima pasi, kisha akarudi kuketi kwenye sofa iliyoletwa kwa mkokoteni kutoka nyumbani kwa meneja.

Meneja alikuwa Bwana Ephantus Kinyanjui. Alikuwa na koti la sufu la kijivu, lenye beji ya chama ukosini, na hakulivua hata Januari jua lilipokuwa likikaanga mabati. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

“Mheshimiwa mgeni wetu,” alisema, “mashine hii haiingiliki! Mwizi wa kuiingia hajazaliwa, na mama yake hajaolewa! Kila mfanyakazi ana jina lake, na kila jina lina neno la siri. Bila neno, mashine inakutazama tu kama ng’ombe. Na kwa sababu sisi hapa ni wazalendo, nimeagiza kwamba maneno yote ya siri katika ushirika huu yatakuwa matatu tu: Amani, Upendo, na Umoja. Kila mfanyakazi achague moja!”

Makofi yalilipuka. Mheshimiwa alisimama kupiga yake. Kwaya, iliyokuwa imefundishwa kuimba kila inaposikia maneno hayo, ilianza upya.

Nyuma kabisa, karibu na magunia, Maximilla Kavetsa alikuwa ameduwaa. Ndiye karani wa kompyuta, binti wa diploma, na ndiye peke yake pale ambaye angeweza kuifungua mashine ile na kuirudisha bila skrubu kubaki mkononi. Alimwinamia mwanamke aliyesimama kando yake.

“Mama Muthoni, nimesikia vibaya, ama huyu mtu ametangaza maneno ya siri kwa kipaza sauti?”

“Piga makofi,” alisema Mama Muthoni bila kugeuza shingo. “Kuna watu wanaangalia mikono.”

Maximilla akapiga.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa meneja kumweleza kwa adabu kwamba neno la siri likijulikana na kwaya halina siri tena. Kinyanjui alimsikiliza, akaegemea kiti.

“Kwa hiyo unasema Amani haitoshi?”

“Nasema inajulikana, Bwana Meneja.”

“Upendo una kasoro gani?”

“Hauna kasoro, ila—”

“Umoja je? Wewe unataka tutumie neno gani badala ya Umoja? Sema. Sema tu, nakusikiliza. Mlango uko wazi, hata walio nje wanakusikiliza.”

Maximilla alitazama mlango, akatazama picha ya Rais ukutani, mwenye maneno yale matatu, akaelewa kwamba diploma yake haikuwa na somo la kujibu swali hilo. Alirudi mezani kwake. Mwenyewe alikuwa amechagua Upendo, kwa hasira.

Basi mambo yakaenda hivyo. Makao makuu kulikuwa na mashine yenyewe. Kwenye ghala la Cheptiret na ghala la Ainabkoi kulikuwa na kioo na kibodi, vilivyozungumza na mashine ya mjini kwa waya wa simu, kupitia kisanduku kilicholia kama vifaranga wenye njaa. Mkulima akifika ghalani anaulizwa jina, karani anabonyeza, na mashine inasema ametengewa mifuko mingapi. Wazee walitoka mbali kuja kuiangalia tu ikifikiri.

Kisha mawingu ya Machi yakaanza kukusanyika na mbegu ya mahindi ikawa haba kama sukari. Ndipo wakulima wa Ainabkoi, watu waliokuwa wameandikisha mapema na kulima mapema, walipofika ghalani wakaambiwa sehemu kubwa ya mbegu yao imekwisha kuchukuliwa. Jumanne ya wiki iliyotangulia, mchana, kwa mujibu wa mashine, ilikuwa imehamishiwa shamba fulani lenye jina la baraka ambalo hakuna aliyelijua lilipo. Lori lisilo na maandishi lilikuja, likapakia, likaondoka. Na kwenye kioo, chini ya kosa lote hilo, palisimama jina la aliyeidhinisha: V. MUTHONI.

Mama Virginia Muthoni alikuwa mkuu wa maghala tangu ushirika ulipokuwa bado unatumia chaki na ubao. Jumanne hiyo mchana alikuwa uani makao makuu, mbele ya macho ya kila mtu, akigombana na dereva wa lori la mbolea kuhusu mifuko iliyopasuka. Ugomvi wenyewe ulisikika mpaka barabarani. Lakini Kinyanjui hakutaka kusikia habari ya macho ya watu.

“Binadamu ana shangazi, ana binamu, ana mtu wa kwao,” aliwaambia wafanyakazi saa ya chai. “Mashine haina shangazi. Imesema Muthoni, basi ni Muthoni. Ijumaa bodi inakaa. Atafukuzwa, atatoka kwenye nyumba ya ushirika pale Kapsoya, halafu polisi watamfundisha kuhesabu mifuko.”

Wafanyakazi walitazama ndani ya vikombe vyao. Maximilla aliweka chake mezani kwa kishindo.

“Na kama mtu mwingine ameingia kwa jina lake?”

“Haiingiliki.”

“Nani ameijaribu?”

“Haijaribiwi kwa sababu haiingiliki!”

“Bwana Meneja, hata mlango wa choo mtu huujaribu kabla hajaketi.”

Mtu mmoja alitokwa na chai puani. Kinyanjui alitabasamu lile tabasamu lake la mikutano ya hadhara, akavuta ukosi wa koti.

“Wewe msichana unaringa na hicho kikaratasi chako cha diploma. Haya, jaribu! Nakuruhusu mbele ya hawa wote. Ukiingia kwenye mashine hii kwa jina lisilo lako, hili koti langu nitalivua nikuvalishe kwa mikono yangu.”

“Na beji?”

“Na beji!”

“Jamani mmesikia?” Maximilla aliwauliza wenzake. Wote walikuwa wamesikia.

Jioni alipanda mpaka Kapsoya. Alimkuta Mama Muthoni akifunga vyombo kwa magazeti na kuvipanga kwenye sanduku, kama mtu asiyengoja Ijumaa imwambie jambo analolijua.

“Wacha kufunga hivyo vikombe, Mama.”

“Nikingoja, polisi ndio watavifunga? Wale huvunja.” Alichukua kikombe kingine. “Mtoto wangu, mimi nimelinda mbegu za watu miaka na miaka. Panya wenyewe wananijua. Leo naitwa mwizi na redio yenye kioo.”

“Ulichagua neno gani?”

Mama Muthoni alisita, akatazama dirisha, kisha akacheka kicheko kikavu. “Amani. Nilidhani itaniletea.”

“Kuna mtu uliyemwambia?”

“Nimwambie nani? Meneja si aliwaambia wote?”

Ndipo Maximilla alipolitandaza jambo lenyewe kichwani mwake, kama mtu anayezunguka nyumba ya jirani akitafuta mwizi alipitia wapi. Majina yalikuwa yamepakwa rangi kwenye milango ya ofisi. Mtu yeyote aliyekuja kuuliza choo kilipo aliyasoma. Maneno ya siri yalikuwa yameimbwa na kwaya. Na mashine yenyewe, ukikosea neno, haikukasirika, haikufunga mlango, haikupiga kelele. Ilikuuliza tena na tena, kwa upole wa shemeji anayetaka kukopa baiskeli. Kilichobaki ni njia ya kuifikia. Njia ilikuwa simu.

Simu ya Ainabkoi ilikuwa bado ya kuzungusha mkono na kuomba kuunganishwa, na aliyeunganisha ni Awuor, opereta aliyejua nani anachumbia nani kutoka kwa reli hadi msituni. Jumatano asubuhi Maximilla alimpigia.

“Awuor, dada yangu, mtu akiomba laini ya mashine ya ushirika, unamuuliza nini?”

“Nimuulize nini? Anasema, ‘Nipe mashine,’ nachomeka waya. Mashine yenyewe haisemi hata haloo. Siku ya kwanza niliingia katikati nikauliza, ‘Mnaongea?’ Ikanipigia yowe, sikio likaniuma mpaka jioni. Tangu hapo naiheshimu.”

“Jumanne ile mchana ni nani aliomba?”

Zikasikika waya zikichomolewa na kuchomekwa upande wa pili.

“Awuor?”

“Hayo siwezi kuyasema kwa simu. Hizi simu zinasikilizwa.”

“Zinasikilizwa na nani?”

“Na mimi!” Awuor alicheka, kisha sauti ikashuka. “Maxi, si Kituyi wa ghala aliyeomba. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzito. Aliniambia jina lake lote, na vyeo vyake vyote, na kwamba ninaongea na mtu mkubwa, kwa hiyo nifanye haraka. Hata alinisifu, eti sauti yangu ni tamu. Wakubwa hawajui kuiba bila kujitambulisha.”

Akalitaja jina, polepole, kana kwamba anaogopa litamsikia. Maximilla aliiona tena ile sofa juu ya mkokoteni. Aliona pia makofi yaliyopigwa kwa kusimama.

Sasa alikuwa na jina la mwizi, na jina lenyewe halikuwa na faida hata kidogo. Angelitamka mbele ya bodi, Awuor angepoteza kazi kabla ya chakula cha mchana, na yeye Maximilla angepelekwa mahali pa kuulizwa anatumwa na nani. Mama Muthoni angefukuzwa vilevile. Kulikuwa na majina ambayo hayakutamkika, kama yalivyokuwepo maneno matatu ambayo hayakukosoleka. Kwa hiyo hakuna aliyepaswa kuambiwa lolote. Walipaswa kuona.

“Mama Muthoni,” alisema jioni ile, “niazime ile suti yako ya kanisani. Na kofia. Na beji ya chama, ile ya kikundi cha akina mama.”

“Unaenda kuolewa ama kugombea kiti?”

“Naenda kumnunulia mbuzi wangu mbegu.”

“Kwani una mbuzi?”

“Nitampata.”

Alhamisi alishuka Ainabkoi amevaa suti ya rangi ya zambarau iliyompwaya mabegani, kofia yenye ua, na ile beji kifuani. Mkoba aliuning’iniza mkononi kama wafanyavyo wanawake waliozoea kupishwa. Ghala lilikuwa na kaunta, mizani, na kile kioo cha kompyuta kimewekwa dirishani, kikielekea barabara, ili wapita njia wakione maendeleo. Nyuma ya kaunta alikaa Kituyi, karani wa ghala, mtu mnene mpole aliyependa watu. Hakuwahi kumwona Maximilla. Walijuana kwa simu tu.

Kituyi aliona beji kabla ya kuona uso. Alisimama, akafuta kiti kwa mkono wa shati lake.

“Karibu, Mheshimiwa! Karibu sana, Mama!”

“Nimekuja kuiangalia mashine,” alisema Maximilla, na hilo lilikuwa kweli tupu. Hakusema yeye ni nani. Kituyi hakuuliza. Beji ilikuwa imesema yote.

“Iko hapa, Mheshimiwa, inafanya kazi vizuri. Utakunywa soda?”

“Fanta. Lakini baridi.”

Uso wa Kituyi ulianguka kidogo. “Baridi iko kule juu, ng’ambo ya barabara, kwa yule mwenye friji ya mafuta ya taa.”

“Nitangoja.”

“Sitachelewa!” Akatoka mbio, shati likipepea, akamwacha mgeni asiyemjua peke yake na mbegu za tarafa nzima.

Maximilla alimtazama akivuka barabara, akatikisa kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa vita, akiwa na uongo wa kila aina tayari ulimini, na hapakuwa na hata mmoja uliohitajika. Alizungusha mkono wa simu.

“Ainabkoi,” ilisema sauti ya Awuor.

“Nipe mashine.”

“Chukua.” Hakuna swali.

Vifaranga walilia. Kioo kikawaka, kikauliza jina. Maximilla akaandika lile lililopakwa rangi ya dhahabu kwenye mlango mkubwa kuliko yote: E. KINYANJUI. Mashine ikataka neno. Akaandika Amani. Ikakataa, ikamwomba tena. Akaandika Upendo. Ikakataa, ikamwomba tena kwa upole uleule. Akaandika Umoja.

Mlango ukafunguka.

Alikaa kidogo mikono ikiwa hewani. Mbele yake ilikuwa wilaya nzima: nani apande na nani asipande, ghala lipi lijae na lipi libaki na vumbi. Angeweza kufuta kila kitu kwa muda wa kupiga chafya. Aliona jasho likimtoka chini ya kofia ya watu, na kwa mara ya kwanza hakuona kichekesho. Mtu mwenye sauti nzito alikuwa ameketi kwenye kiti hiki hiki, akaona haya haya, na akaendelea kubonyeza.

Kisha akaandika alichokuja kuandika. Mbegu zote zilizobaki Ainabkoi, mpaka punje ya mwisho, akamgawia mpokeaji mmoja. Hakuna mfuko uliosogea ghalani. Ilikuwa kwenye kioo tu, na yeye alijua jinsi ya kuirudisha kama ilivyokuwa. Akaidhinisha. Akakata simu.

Kituyi alirudi anahema, chupa ikitoa jasho kuliko yeye. Maximilla aliinywa yote, kwa sababu soda ya watu haitupwi, akasimama.

“Kituyi.”

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

“Usimwache mtu peke yake na hiyo mashine tena.”

“Hata wewe, Mheshimiwa?”

“Hasa mimi.”

Ijumaa bodi ilikaa katika ukumbi wa makao makuu. Kompyuta ilikuwa imewekwa mbele, juu ya kitambaa cha mezani kilichotariziwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Isaiah, mkulima mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu aliyezungumza polepole kiasi kwamba watu walizeeka wakimsikiliza. Kituyi alikuwa ameitwa aeleze lile lori, na alipomwona Maximilla akiwa amevaa sweta yake ya kila siku, alimkazia macho kama mtu anayetafuta wimbo uliompotea. Mama Muthoni aliketi karibu na mlango, mkoba mapajani, viatu vimepakwa rangi.

“Wazee,” alisema Kinyanjui, akiwa ndani ya koti lake, “sitasema mengi. Mashine itasema yenyewe. Haina shangazi. Tazameni Ainabkoi, muone jina la mwizi.”

Akabonyeza. Kioo kikafikiri. Wajumbe wakainama mbele. Mzee Isaiah alisogeza miwani, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anasoma tangazo la kanisani.

“Ainabkoi. Mifuko… yote… iliyobaki. Mpokeaji…” Akasogea karibu zaidi. “Mpokeaji: mbuzi wa Maximilla.”

Katibu wa bodi akainua kalamu.

“Imeidhinishwa na…” Mzee alivua miwani, akamgeukia meneja. “Kinyanjui. Kwa nini umempa mbuzi mbegu?”

“Mimi? Mzee, mimi sijampa mbuzi kitu!”

“Hapa imeandikwa wewe.”

“Mashine imekosea!”

“Imekosea?” ilisema sauti kutoka karibu na mlango. Mama Muthoni hakuinua uso kutoka kwa mkoba wake. “Kwani imepata shangazi?”

Mjumbe mmoja alikohoa ili asicheke, akashindwa, akatoka nje. Kinyanjui aligeuka rangi ya koti lake. Maximilla akasimama.

“Wazee, mbuzi ni wangu, ingawa bado sina. Jana nilikaa Ainabkoi, mchana, mbele ya dirisha, beji ya chama kifuani, Kituyi akaenda kuninunulia soda, nikaingia kwa jina la Bwana Meneja. Aliniruhusu mwenyewe saa ya chai, wafanyakazi wote wanajua. Mbegu hazijatoka ghalani, na nitazirudisha kwenye kioo mkiniambia. Lakini kwanza Bwana Meneja achague. Ama mashine inaingilika, na basi jina la Mama Muthoni halithibitishi kitu. Ama haiingiliki, na basi yeye ndiye aliyechukua mbegu za wakulima akalisha mbuzi.”

“Huu ni utundu!” alifoka Kinyanjui.

“Chagua,” alisema Mzee Isaiah.

Kinyanjui alitazama kioo. Kioo kilimtazama, kama ng’ombe. Alisema neno ambalo halikufika hata safu ya kwanza.

“Sema kwa sauti. Katibu anaandika.”

“Nimesema inaingilika!”

Mama Muthoni alifungua mkoba wake, akaufunga tena.

“Lakini atueleze,” alisema Kinyanjui, akitafuta pa kushika, “alilijuaje neno langu la siri? Aliiba! Ni neno gani ulitumia, eh? Litaje!”

“Nilitaje?” Maximilla aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. “Nisimame hapa, mbele ya bodi na katibu anayeandika, niseme ni neno gani kati ya yale matatu lililomfungulia mwizi mlango?”

Viti vililia. Wajumbe wawili waligeukia picha ya Rais ukutani kwa wakati mmoja.

“Usilitaje!” alisema Mzee Isaiah, na hiyo ndiyo sentensi ya haraka kuliko zote alizowahi kusema. “Katibu, usiandike. Kinyanjui, kuanzia leo kila mtu atajitafutia neno lake, na asimwambie mtu, wala kwaya. Yale matatu tutayaweka… tutayaweka mahali pa heshima zaidi.”

“Na Jumanne ile?” aliuliza mjumbe mmoja kijana, ambaye alikuwa bado hajafundishwa na maisha. “Kama si Mama Muthoni, ni nani aliyeingia? Kituyi, nani mwingine umemwacha na mashine ukaenda kununua soda?”

Kituyi aliinuka. Ilionekana kwamba wimbo umemrudia, maana alimtazama Maximilla, akatazama kifua chake ambapo jana palikuwa na beji, na uso ukamfunguka. “Jumanne? Jumanne alikuja yule mheshimiwa wa—”

“Keti,” alisema Mzee Isaiah.

Kituyi aliketi. Ukumbi ulinyamaza kimya cha aina ile ambayo kila mtu anafikiria jina moja na kila mtu anatumaini jirani yake hafikirii kitu. Mjumbe kijana alianza kusoma kucha zake. Nje lori lilipita, likapewa muda wote liliouhitaji.

“Mama Virginia Muthoni arudi kazini kuanzia leo,” alisema Mzee hatimaye. “Nyumba ni yake. Tutawatafutia watu wa Ainabkoi mbegu nyingine, hata kama ni kwa kuomba. Mwizi… mwizi ni upepo. Tuendelee na mengineyo.”

“Kwenye mengineyo,” Kinyanjui alisema upesi, “mimi nina moja.” Alikuwa amepata pa kushika. “Huyu msichana amevaa beji akamdanganya Kituyi. Amenidhalilisha mbele ya bodi. Ametumia neno tukufu kumgawia mbuzi mbegu. Nataka aombe radhi! Aniombe mimi, aiombe bodi, na auombe ushirika mzima.”

Vichwa vikaanza kuitikia. Hapo ndipo palipokuwa na faraja kwa kila mtu: kosa lilikuwepo, na mwenye kosa alikuwa mdogo, hana mtu mkubwa, na amesimama karibu. Hata Mzee Isaiah alikuna kidevu.

“Ni neno dogo tu, binti,” alisema kwa upole. “Useme pole, tukanywe chai.”

Mama Muthoni aliinuka, akaja kusimama nyuma ya Maximilla, akamvuta sweta. “Sema tu, mtoto wangu,” alinong’ona. “Mimi nimeshapona. Usije ukaungua kwa ajili yangu.”

Maximilla alihisi mkono ule mgongoni, mkono uliokuwa ukifunga vikombe kwa magazeti. Aliwaza kazi yake, akawaza mtu mwenye sauti nzito ambaye hakuna aliyemwomba aseme pole, na ambaye mahindi ya Ainabkoi yangeota shambani kwake mvua ikinyesha. Kisha akasogea mbele hatua moja, mpaka akawa anaona uzi uliochomoka kwenye ukosi wa meneja.

“Bwana Meneja, nilikuambia mlango hauna komeo, ukaniuliza Upendo una kasoro gani. Nikakuuliza nani ameujaribu, ukasema jaribu. Nimejaribu. Kituyi sikumwambia uongo hata mmoja, na soda yake nitamlipa. Mzee, nakuheshimu, na chai nitakunywa. Lakini radhi siombi. Siiombi bodi, siuombi ushirika, na mashine ndiyo kabisa.”

“Utaomba!” alisema Kinyanjui.

“Siombi,” alisema Maximilla, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. “Leta koti.”